Taa Sita za Landrova

Taa ya kwanza niliiruhusu mwenyewe, kwa hiyo hapo sina pa kujificha. Zilizofuata alizitia bila ya kuniuliza, na kila nilipotoka nyumbani kwetu Malindi, mtaa wa mjini Unguja, asubuhi nikaliona gari limeongezwa jicho jingine, damu ilinipanda kabla sijafungua mlango.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mkunga wa serikali, mwaka wangu wa tatu kazini, na idara ilitupa Landrova moja ya kuzungukia vijiji vya shamba. Jumatatu tulikwenda kaskazini, Jumatano kusini na mashariki. Dereva alikuwa mtu wa mtaa wa Ng'ambo, baba yake alitoka bara zamani, na kwa umri angeweza kuwa mdogo wake baba yangu. Nilimwita Ami. Yeye aliniita mwanangu tukiwa wawili, na Bibi Mkunga mbele za watu. Alikuwa dereva mzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikishaanza kulalamika nitalisahau.

Habari ya taa ilianza magharibi moja tulipokuwa tukirudi mjini, tumelikaribia pori la Jozani. Wanawake watatu walikuwa wakitoka harusini, wanatembea sambamba katikati ya njia, wote ndani ya mabuibui, na miti imekwisha kuifanya njia kuwa nyeusi kama wao. Ami hakuwaona mpaka tulipowafikia. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili na gari likasimama bampa liko shubiri moja kutoka kwenye goti la bibi mmoja. Wenyewe walitusuta kidogo wakaenda zao wakicheka. Ami hakucheka. Alisema taa hizi za kiwandani zinamulika kati ya njia tu, na watu wa kisiwa hiki hawatembei zinapomulika. Alitaka taa moja ya kuonesha ukingo. Nilimwambia atie.

Basi, kusema kwangu atie ndiko kulikoniponza. Alitia moja, upande wa kushoto wa bampa. Juma lililofuata akasema gari lenye jicho moja pembeni linatia aibu, akaitilia mwenzake upande wa kulia. Zote mbili zilikuwa za kimanjano, maana mtu mmoja wa gereji ya Darajani alimwambia rangi hiyo inapenya vumbi. Ili zisitikisike kwenye mawe alizifunga kwenye ubapa mnene wa chuma uliokatiza mbele ya gari, kutoka madigadi mpaka madigadi. Mwezi haukwisha, nyengine mbili zikapanda juu ya paa. Pamoja na mbili za asili zikawa sita, kwenye gari la kubebea wajawazito.

Taa za paani zilikuwa msiba wangu wa kila Jumatano. Matawi ya Jozani yalizipiga, zikageuka kuangalia juu, na Ami akasimamisha gari, akapanda boneti kuzinyoosha, huku kima punju wametukalia juu ya miti wanatutazama na mimi nina wajawazito kumi wananingoja kwenye baraza la skuli. Nilimwambia hao kima hawahitaji kumulikwa. Alisema taa iliyopinda ni mbaya kuliko kutokuwa na taa. Alizifuta vioo kwa shashi zangu za kufungia vitovu vya watoto. Niliposema hapana, akaona mimi ndiye bahili. Nyaya zilipita magotini pangu na kuingia kwenye swichi nne zilizopangwa chini ya dashibodi, hazina alama, na siku za joto zilinuka mpira unaoungua.

Jioni moja karibu na Mwanakwerekwe tulikutana na bwana mmoja wa baiskeli aliyebeba makapu mawili ya ndimu. Taa zote sita ziliwaka usoni mwake kwa pamoja. Akaiacha njia, akaingia kwenye shamba la muhogo, na ndimu zikamwagika. Nilishuka mimi na sare yangu nyeupe, nikaziokota moja moja gizani. Yule bwana, bado amekaa chini, aliniuliza kwa adabu kabisa kama humo ndani tumepakia meli. Ami hakushuka. Alishikilia kwamba mtu hakulazimika kuzitazama. Nilimwambia taa ya gari ni ya kukuonesha njia, si ya kumpofua mwenzako, na kwamba mtu akija mbele lazima yeye Ami azizime za nyongeza. Alikubali. Lakini mpaka avumbue swichi ipi ni ya ipi, mtu alikuwa ameshapita, yuko kwenye muhogo.

Kitu kimoja nilikiona nisikiulize. Hendeli, ile fimbo ya chuma ya kuzungushia injini kwa mkono betri ikikataa, ilikuwa imehamia nyuma ya kiti, imeviringishwa gunia. Zamani ilikaa karibu na mkono, maana Ami aliitumia mara kwa mara asubuhi za baridi. Sikujiuliza kwa nini haitumii tena. Tundu lake lilikuwa mbele ya gari, katikati, na ule ubapa wa chuma wa taa ulikuwa umepita juu yake.

Sasa nije kwenye Jumatano ya Jambiani.

Siku hiyo kulikuwa na maulidi ya arobaini ya mtoto niliyemzalisha mwenyewe. Nyumba ya jirani alikuwamo mwanamke mwenye mimba ya tatu. Wawili wa mwanzo walimfia tumboni, kabla sijaanza kufika huko. Nilimpima alasiri, chumbani, na mikono yangu ikaniambia mara moja: mtoto alikuwa amelala kingamo, kichwa ubavu huu na makalio ubavu ule. Mtoto wa namna hiyo hazaliki nyumbani. Uchungu ulikuwa haujaanza, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yetu. Nilimwambia mama mkwe wake kwamba tunaondoka naye sasa hivi kwenda hospitali mjini, kabla jua halijatua, ili huyu wa tatu apone. Mama mkwe hakubisha. Alianza kufunga furushi la nguo.

Wanawake wa maulidi wakatukuta hapo ukumbini. Walisema haiwezekani niondoke, mtoto ni wangu, nimemtoa mimi, nani atakaa mbele, mahali pa heshima? Mgonjwa mwenyewe haumwi. Tungoje baada ya isha, tule, tuondoke kwa raha. Bibi mmoja mtu mzima, ambaye nilikuwa nimemwamkia shikamoo muda si mrefu, alisema, "Gari lenu lina taa kuupita msikiti wa Ijumaa. Usiku una dhara gani kwenu?"

Ami alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilimtazama.

"Ukisema twende, nnakwenda sasa hivi," alisema. "Ukisema tukae, njia ntaiona."

Nikasema tukae.

Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku hiyo. Ukweli ni kwamba nilitaka kukaa mbele. Nilitaka kurushiwa marashi na kufukizwa udi, na kusikia watu wakiniita Bibi Mkunga, msichana wa miaka ishirini na sita. Na kama si zile taa nisingethubutu, maana kabla ya taa hizo hatukuwahi kutoka Jambiani baada ya magharibi. Nilizilaani mwaka mzima, na siku hiyo nilizitegemea.

Maulidi yalikuwa uwanjani, mikeka imetandikwa juu ya mchanga, na karabai moja ya kuazima imetundikwa mtini. Msomaji hakufika mbali, kifuko cha karabai kikapasuka na giza likaingia. Zilikuwepo kandili, lakini kwa kandili msomaji haoni herufi. Wazee wakamwendea Ami. Ami akanitazama, kama nilivyomtazama yeye alasiri, nami nikaitikia kwa kichwa. Akaligeuza gari liuelekee uwanja, akawasha taa zote sita, kisha akaizima injini. Hakuna aliyemwambia aizime. Ni adabu tu. Mtume anasomewa, huwezi kuacha Landrova ikinguruma pembeni. Ningekuwa mimi kwenye usukani ningefanya vivyo hivyo.

Lazima niseme ilipendeza. Wakati wa kusimama kwa salamu, kanzu zote nyeupe zilisimama kwa pamoja ndani ya mwanga ule, na moshi wa udi ukapita juu yao. Nilimwona Ami ameegemea madigadi, ametabasamu. Nilifikiri, kumbe taa zake zina kazi. Zilipoanza kuwa nyekundu nilidhani ni moshi.

Mama mkwe alinigusa bega katikati ya dua. Chupa imepasuka, alisema, na uchungu umekuja wote kwa mara moja.

Ami alibonyeza stata. Ikatoa mlio mdogo mmoja, basi. Taa zilikuwa zimeinywa betri yote. Akaitoa hendeli kwenye gunia, akaja mbele ya gari, akapiga magoti, na hapo ndipo nilipomwona akiutazama ule ubapa wa chuma. Nafikiri hata yeye alikuwa amesahau. Boliti zilikwisha kushikwa na kutu ya hewa ya pwani. Spana iliteleza, ikamchuna vidole, akairudisha tena. Nilimpigia kelele. Nilimwita mpumbavu mbele ya kijiji kizima, mtu niliyemwita Ami, na yeye hakuinua uso.

Wanaume wakasukuma. Walisukuma na kanzu zao za maulidi, na magurudumu yakazama mchangani. Walileta makuti wakayatandika chini, wakasukuma tena, mara ya pili, ya tatu, mpaka wakalifikisha kwenye njia ya mawe, ambako mwishowe injini iliitika. Kwa makadirio yangu saa nzima ilipita, labda na zaidi. Tukaondoka na taa mbili, zile zile za kiwandani. Ami hakugusa swichi nyengine. Alikwenda polepole penye mawe na mbio penye udongo, na zile taa mbili zilitosha. Hilo bado linaniudhi. Zilitosha kabisa.

Nilikuwa nyuma na mwanamke yule, nimemlaza makalio juu ya mto, namwomba asisukume. Tulipoingia Jozani, mkono wa mtoto ulitoka. Nilitia kidole changu kwenye kiganja chake, na vidole vyake vikakifumbata. Nikamwambia mama yake kuwa mtoto yuko hai, amenishika. Niliendelea kumwambia hivyo njia nzima. Tulipopita Mwanakwerekwe vidole vilikuwa vimelegea, nami bado nilikuwa nasema.

Hospitalini walimwokoa mama.

Siku ya pili tuliitwa ofisini, mimi na Ami, tukasimamishwa mbele ya meza moja. Nilikuwa nimejitayarisha kusema. Ami akaniwahi. Alisema taa alizitia yeye, tundu la hendeli aliliziba yeye, na kukaa mpaka usiku aliamua yeye kwa sababu alitaka kuzionesha taa zake. Mkubwa wetu akanitazama, akaniuliza ndivyo ilivyokuwa? Nikasema ndivyo.

Nje, kwenye ngazi, nilishindwa kumtazama. Yeye akavaa kofia yake.

"Wewe utazalisha wengine, mwanangu," alisema. "Mimi hata lori ntaendesha."

Wakampa lori la kubebea mawe ya barabara. Taa zilifunguliwa na mafundi kwa msumeno. Dereva mpya hakuwa na taa wala maneno, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa nikisimulia habari za Ami kila penye watu: yale matawi, zile shashi, bwana wa ndimu aliyeuliza kuhusu meli. Watu walicheka sana. Nilipofika Jambiani kwenye kisa hicho, nilikuwa nasema dereva alituchelewesha, na sauti yangu ilikuwa na hasira ya kweli. Nilikuwa nimemkasirikia kweli. Alichukua kosa langu bila ya kuniomba ruhusa, kama alivyozitia zile taa, akaniacha nalo.

Kisha alasiri moja mlango wetu wa Malindi ukagongwa. Alikuwa ni yule mwanamke wa Jambiani, na furushi lake la nguo, mimba ya miezi saba. Amekuja kungojea mjini, alisema, kama nina nafasi ya kumweka. Nikamwingiza, nikampa maji, nikamketisha. Kisingizio changu kilikuwa tayari mdomoni, kile cha dereva, na hakikutoka.

"Siku ile," nilimwambia, "aliyesema tukae ni mimi. Si Ami."

Aliweka gilasi chini.

"Nnajua. Nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Nilikusikia."

Nilimuuliza, basi kwa nini amekuja kwangu. Akanitazama kama mtu aliyechoka na safari na hapendi kuulizwa mambo yasiyo na maana.

"Nije kwa nani mwengine?" alisema, akaanza kulifungua furushi lake.