Kiduara Kilichojaa Wino

Alama ile bado inaniuma. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa huku Langas. Mtihani ulitaka domeni ya grafu, yaani inaanzia wapi na kuishia wapi kwenye mhimili wa x. Mwalimu alikuwa ametufunza vizuri: kiduara cha mwishoni mwa grafu kikijazwa, namba ya hapo imo, kikiwa kitupu, haimo. Grafu yangu iliishia kwenye nne, kiduara cheusi tititi. Nikaandika nne imo, nikawekewa kosa.

Nilimpelekea mwalimu karatasi yangu. Akatoa karatasi halisi ya mtihani, tuliyoazima kutoka shule moja ya mtaa wa matajiri wa Elgon View. Kiduara chake kilikuwa cheupe pe. Yetu ilikuwa kopi ya kopi ya kopi, na wino wa mashine yetu ya kutoa kopi ulikuwa umekijaza. Darasa zima tulikosa.

“Lakini mwalimu, nimesoma nilichopewa!”

“Mwongozo wa kusahihisha unasema haimo,” akajibu, akafunika kalamu yake nyekundu. Nilimchukia hadi namaliza shule.

Siku hizi nafundisha hesabu pale pale, na mashine ni ile ile. Juzi msichana mmoja aliniletea karatasi yenye kiduara cheusi tititi. Alama nilikuwa nimeshazipeleka ofisini.

“Mwongozo unasema haimo,” nikamwambia.