Mabonge Katika Keki ya Baba

Kila ninapofungua kikopo cha jibini nyeupe, ile ya chengachenga, harufu yake ya maziwa yanayoanza kuchacha hunirudisha mtaani Kaloleni, mlangoni pa nyumba yetu, nikiwa na miaka kumi na mmoja, chujio la chai mkononi na hasira kooni. Niwaambie ukweli, hasira yenyewe haijaisha yote.

Baba alikuwa mpishi wa hoteli mjini, na keki yake ya jibini ndiyo iliyompa jina. Kisha hoteli ikafungwa. Tangu mvua za masika hadi likizo ya Agosti tulimkuta kila asubuhi ameketi kitandani, viatu amevaa, pa kwenda hana. Ndipo mkahawa mmoja mpya ukamwita. Wapishi wawili walikuwa wanaitafuta kazi hiyo, na kila mmoja aliambiwa alete keki yake Jumamosi asubuhi.

Shida ikawa jibini. Hotelini alizoea ile laini, nzito, unayoweza kuipaka kwenye mkate kama siagi. Alhamisi alizunguka mjini kutwa, na aliyoipata ni hii ya chengachenga, inayoogelea katika maji yake. Mama alichungulia ndani ya kikopo.

"Baba Nafula, hii si ile."

"Chizi ni chizi. Zote ni maziwa," Baba akajibu bila kumtazama. "Tutaichuja, italainika."

"Si uoke tu ile keki yako ya ndimu?"

"Wameniita kwa hii."

"Tutaichuja" maana yake ilikuwa mimi. Ijumaa asubuhi Baba aliifunga jibini katika kitambaa, akaining'iniza kwenye msumari wa mlango, ikadondoka maji ndani ya beseni hadi adhuhuri. Kisha akanipa chujio la chai na kijiko cha mbao.

"Polepole, mama. Nisione hata punje moja."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake, na akiniita hivyo nilishindwa kumkatalia.

Ambaye hajawahi kupitisha jibini kwenye chujio la chai asinieleze habari za uvumilivu. Chujio lenyewe ni dogo kama kiganja. Unaweka kijiko kimoja, unasugua, unasugua, na chini kinatoka kitu kidogo tu kama dawa ya meno. Vidole viliniuma. Baba alisimama nyuma yangu, akikagua, akisema bado, bado. Na nje, kwenye uwanja kati ya nyumba, wenzangu walikuwa wanacheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, nikausikia ukigonga migongo ya watu.

"Nafula, si ukuje," Achieng wa jirani aliita. "Tumebaki watatu tu."

Baba alipotoka kwenda kupuliza jiko nyuma ya nyumba, nilitazama bakuli. Nusu ilikuwa bado. Nikaimwaga yote ilivyo, mabonge na yote, juu ya mayai na sukari Baba alivyokuwa amekwisha kupiga, nikakoroga upesi mpaka ikafichika. Kisha nikakimbia uwanjani, na mpira wa kwanza kabisa ukanipiga mimi.

Baba alioka kwa jiko. Alitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka ndogo yenye keki juu yake, akafunika, na makaa mengine akayapanga juu ya mfuniko. Alichuchumaa pale mchana wote. Alipofunua, keki ilikuwa imepanda, ya rangi nzuri. Lakini ilipopoa ikaanza kutoa maji pembeni, na katikati ikapasuka. Mama aligeuka akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Baba aliyafuta yale maji kwa kitambaa, taratibu, na kesho yake akavaa sare yake nyeupe ya hotelini, akaenda na keki yake.

Alirudi saa sita mchana. Keki ilikuwa imekatwa kipande kimoja, chembamba.

"Haya, kuleni," akasema.

Tuliila kwa chai siku mbili, na kila tonge niliyahisi mabonge yangu kwa ulimi. Baadaye Baba alipata kazi ya kulinda ghala karibu na Jogoo Road, na hakupika tena kwa mshahara. Kila alipovaa koti la ulinzi nilijua ni nani aliyemvika. Nilijichukia. Kisha nikamchukia yeye pia, kwa kumpa mtoto kazi kubwa vile.

Siku hizi nami huoka keki za kuuza. Mwaka jana nilinunua jibini ileile, nikaichuja siku nzima, nikaisaga kwa mashine hadi ikawa laini kabisa. Keki ikatoa maji. Nikarudia mara nne, nikiongeza hiki na kupunguza kile. Maji yaleyale, ufa uleule. Mara ya nne niliitupa, nikaenda moja kwa moja Kaloleni. Baba alikuwa mlangoni na redio yake.

"Baba, ile keki ya mkahawa. Nilimwaga mabonge ndani."

"Mabonge gani?"

Nikamweleza yote, hadi mpira. Alisikiliza kama mtu anayeelezwa habari za jirani.

"Keki ile ilikwisha nilipofungua kikopo," akasema. "Chizi ile haiwezi."

"Ulijua? Na ukanifanya nisugue mchana kutwa?"

Alishusha sauti ya redio. "Ulikuwa umekaa hapo unanitazama, mama. Ungetaka uone nimekaa tu?"

Niliondoka nimemkasirikia, na nikiwa njiani nikalia. Miaka yote hiyo mimi nilimficha mabonge, naye alinificha kwamba ameshindwa kabla hatujaanza. Wala sikuhitaji kukua ili kuona mengine, maana Ijumaa ile yote yalikuwa mezani mbele yangu. Unga ulikuwepo, ndimu zilikuwepo, na kulikuwa na mchana mzima wa kuoka ile keki ya ndimu aliyoitaja Mama.