Chepe Nyuma ya Mlango

Kitu cha kwanza mama alichonunua Iringa kilikuwa chepe. Hatukuwa hata na pazia. Masanduku yalikuwa bado yamefungwa kamba, godoro limeegemezwa ukutani, na mama, mwalimu mstaafu mwenye presha na magoti mabovu, akarudi kutoka sokoni amelibeba begani kama kibarua wa barabara. Akalisimamisha nyuma ya mlango, akakung'uta mikono, akaniuliza kama maji ya chai yamechemka.

Sikumuuliza la nini. Jambo nikiliogopa siliulizi, nalizunguka. Nilijiambia ni la bustani. Lakini kwa bustani tulikuwa na jembe, tulilileta kutoka Mbeya likiwa limeviringishwa kwenye shuka. Chepe halilimi. Chepe linatoa udongo shimoni, halafu linaurudisha.

Mama alifundisha shule ya msingi Mbeya miaka yote ninayoikumbuka. Tulipanga vyumba viwili karibu na barabara kuu, mahali ambapo malori yakishuka mlima yanalia breki mpaka unajiuliza ni lipi litakaloingia ndani. Baba alipofariki tulimzika kwao Tukuyu, kwenye migomba, na baba mdogo akaacha nafasi kando yake. Mama alipostaafu mwenye nyumba akapandisha kodi, utadhani alikuwa akiisubiri siku hiyo. Watu wote walijua atarudi Tukuyu. Yeye akasema anahamia Iringa, mji aliowahi kufika mara moja tu, kwenye semina ya walimu. Alisema kule maisha ni nafuu na mtu anatembea. Kaka yangu akamwambia Mbeya nako kuna milima, tena mirefu kuliko ya Iringa. "Ya Mbeya ni ya kutazama," mama akajibu. "Mimi nataka ya kupanda."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo nikakabidhiwa mama kama mzigo wa kusindikiza, mpaka azoee. Nilisomea mambo ya bima. Miaka mitatu nilifundishwa kuwaza mabaya kwa mpangilio, na kabla ya hapo nilikuwa nayawaza bila mpangilio. Kwenye basi niliwaza breki. Nyumba tuliyopata, mwisho kabisa wa mtaa wa Mlandege, niliwazia mwamba ulio juu yake: umekaa pale tangu dunia iumbwe, lakini kwa nini usiporomoke wiki tuliyohamia sisi? Niliwaza baridi, niliwaza wezi, niliwaza kwamba hakuna hata mtu mmoja katika mtaa ule anayejua jina la mama yangu.

Kisha akanunua sufuria. Si sufuria ya watu wawili. Ile ningeweza kukaa ndani yake. Akaleta na doti mbili za khanga mpya, akazikunja, akaziweka chini kabisa ya sanduku, na mchana wa Alhamisi akajifunga kitenge akatoka bila kuniambia anakwenda wapi. Alirudi akinukia moshi wa kuni. Alhamisi iliyofuata, vilevile.

Chepe, sufuria ya msiba, khanga za kukunjwa. Nilijumlisha, nikapata jibu. Mama ameambiwa kitu hospitali. Mama amekuja kufia hapa, mbali, ili asitusumbue. Nikaanza kumsikiliza akipumua. Akikohoa, nasimama. Nikahesabu vidonge vyake vya presha nikijifanya nafuta kabati. Nikaandika kwenye simu dalili ambazo hata hakuwa nazo, na simu haijawahi kumpa mtu habari njema.

Asubuhi alikuwa anapanda kwenye miamba nyuma ya nyumba, na mimi nikamfuata kwa nyuma, hatua kadhaa, kwa hiyo ukungu wa Juni ukawa unammeza na kumtapika. Kila alipopotea niliongeza mwendo. Mara akapotea na hakurudi. Nikakimbia. Nikateleza kwenye nyasi zenye umande, nikaparuza kiganja, nikafika juu nikihema kama mbuzi aliyekimbizwa, na yeye alikuwa amekaa juu ya jiwe, ananingoja.

"Unanifuata kama askari," akasema. "Nimeiba nini?"

"Mama, unaumwa?"

"Naumwa magoti. Na presha, ileile unayoijua."

"Na chepe?"

Nilikuwa nalia, ingawa nilikuwa nimepanga kutolia. Akavuta ncha ya kitenge akanifuta kiganja kwanza, halafu uso, kwa hiyo nikapakwa damu shavuni.

"Wewe mtoto," akasema. "Kichwa chako kitakuja kukuua kabla ya ugonjwa wowote."

Akanieleza. Mtaani kulikuwa na kikundi cha kufa na kuzikana. Mgeni akitaka kuingia, analeta chepe moja na sufuria moja, na anapika kwenye misiba ya watu asiowajua mpaka wamjue. Khanga ni za kumfunika mfiwa. Alhamisi wanakutana. Ni hivyo tu.

"Ungejiunga na kwaya," nikasema.

"Kwaya itaniimbia. Nani atachimba?"

Nilidhani nimepona. Lakini mama hakusimama. Alikuwa akitazama chini, mabati ya mji yakianza kutoka kwenye ukungu moja moja, na akasema kuna jambo moja limebaki. Kikundi kina swali. Kila mgeni anaulizwa: siku ikifika, anasafiri au anabaki? Yaani atasafirishwa kwao, au atazikwa pale. Na mwenyewe haruhusiwi kujibu. Anajibu mtoto wake, mbele ya watu, na yeye akiwa amekaa palepale anasikia.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu siku hiyo mimi sitakuwa na mdomo. Kuna mama mmoja alijisemea mwenyewe kwamba anabaki. Alipokufa wakachimba, na saa ileile watoto wakafika na gari wakamchukua. Shimo likabaki wazi. Na shimo wazi linaita mwingine. Ilibidi wakate mgomba, wauzike humo, na watu waimbe kabisa."

Nilihisi baridi isiyo ya Iringa.

"Wewe unataka nini, mama?"

"Nimekwambia, mimi siulizwi." Akajisukuma akasimama, magoti yakalia. Tulipokuwa tunashuka ndipo aliposema, kana kwamba anazungumzia mboga: "Tukuyu mvua hainyamazi. Baba yako aliipenda. Mimi hata siku moja sikuipenda."

Nilimpigia baba mdogo kwa sababu nilitaka mtu mwingine awe na kosa. Hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Nafasi yake ipo kando ya kaka yangu. Kila mwaka napalilia mimi mwenyewe. Mama yako ni mke wetu. Usije ukatuaibisha huko kwa Wahehe, binti."

Baada ya hapo kila nilichofanya kilikuwa na jeneza ndani yake. Nikisema anasafiri, naliona jeneza juu ya gari, barabara ile ya malori, mvua, breki, na mama amelala mahali asipopapenda mpaka parapanda ilie. Nikisema anabaki, namwona baba peke yake kwenye migomba na ile nafasi imepaliliwa bure. Na zaidi ya yote niliogopa kulisema lenyewe. Nilihisi kwamba nikitamka siku ya mama yangu kwa sauti, itanisikia na kuanza kuja.

Alfajiri moja hodi ikapigwa. Alikuwa mama wa nyumba ya pili. "Kamwene," akatusalimu kwa Kihehe. "Mama mgeni, leteni chepe." Fundi seremala mzee wa mtaa ule, ambaye mimi nilikuwa nimemsikia tu akipiga randa, alikuwa amefariki.

Mama alikwisha kuvaa. Mimi nilibeba sufuria kichwani. Msibani kijana mmoja akalipokea chepe mkononi mwa mama bila kuuliza ni la nani, akaondoka nalo na wenzake kuelekea makaburini. Mama akakaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, akapewa kisu na kilima cha vitunguu, na mimi nikapewa mchele.

"Huyu ndiye wa chuo?" akauliza mmoja. "Anaosha mchele kama anaosha mtoto mchanga."

"Mwache, anautafutia kasoro."

"Chuo gani hicho? Kwa mwendo huu tutakula kesho."

Wakacheka kwa sauti ya chini, ya msibani, na mama akacheka nao. Nilimtazama. Alikuwa hajachanganyikiwa hata kidogo. Mgeni pale nilikuwa mimi.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mama wa Kiislamu, muuza vitenge, mwenye asili ya pwani ingawa alizaliwa hapahapa. Wakati wali wa sufuria ya kwanza unapaliwa makaa juu ya kifuniko, akaja akasimama mbele yetu, akijifuta mikono kwa ncha ya mtandio.

"Haya jamani, mtuwie radhi wafiwa, leo watu tumetimia, tulimalize hili. Dada yetu huyu kaja na chepe, kaja na sufuria, na mnamwona kazi yake. Mwanawe yupi? Simama, mwanangu."

Nikasimama, mikono inadondosha maji ya mchele.

"Siku ya mama yako, Mungu aisogeze mbali, anasafiri au anabaki?"

Kisu cha mama kiliendelea kukata. Hakuinua uso. Sikuweza kuona kama ana machozi kwa sababu ya vitunguu. Wote walikuwa na machozi. Watu walinisubiri. Hawakunihurumia na hawakunikimbiza, walikaa tu. Niliwaza kuomba muda. Niliwaza kusema mimi ni wa mwisho kuzaliwa, kaka yangu ndiye mwenye neno. Kwa mbali, kutoka upande wa makaburi, nikasikia chuma kikigonga jiwe, na nikajua kwamba mojawapo ya yale machepe ni letu.

"Anabaki," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Mwenyekiti akaweka kiganja sikioni. "Waliokaa nyuma hawakusikia."

"Anabaki hapa!"

"Amesema anabaki," mwenyekiti akawaambia watu. "Tumesikia?"

"Tumesikia."

Mama akasukuma vitunguu vilivyokatwa kwenye sinia. "Ndaga," akasema kwa Kinyakyusa, asante, taratibu sana, na sikujua anamshukuru nani. Kisha akaniambia, "Kaa chini, mchele unalowa."

Nilikaa. Nikarudisha mikono kwenye mchele. Hofu haikuondoka kama nilivyotarajia iondoke mtu akishaamua jambo. Ilibadilika tu. Mwanzo niliogopa kila kitu, mwamba, breki, wezi. Sasa niliogopa siku moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuitaja. Na bado baba mdogo alikuwa hajaambiwa.

Jioni yule kijana akarudisha chepe. Lilikuwa limeganda udongo mwekundu mpaka kwenye mpini. Mama alikuwa amelala kitandani, miguu juu ya mto, amechoka. Nililiosha mwenyewe nje bombani. Udongo ule haukutaka kutoka, ikanibidi niukwangue kwa kijiti, na maji yalikuwa ya baridi kiasi kwamba vidole viliuma. Nikalikausha kwa gunia, nikalirudisha nyuma ya mlango.

"Si hapo mlangoni," mama akasema kutoka chumbani. Alikuwa amesikia chuma kikigusa saruji. "Liweke nyuma ya ndoo. Kesho hatulihitaji."

Nikalisogeza.

"Kesho tunapanda mlima. Na utembee pembeni yangu, si nyuma."