Misumari Ilikuwa Ruksa

Mtanzania akihamia Richfield, mji wetu huu wa ughaibuni, mapema au kwa kuchelewa atapewa namba yangu ya simu. Sijui nani alianzisha mtindo huo, ila kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kupokea wageni: kuwaonyesha duka la mitumba, kituo cha basi, mahali pa kupata unga wa sembe. Ushauri wangu wote naujua kwa kichwa. Nunua buti kabla ya televisheni. Uliza kama joto la nyumba limo ndani ya kodi. Ukisikia imetangazwa dharura ya theluji, toa gari barabarani, usije ukakuta limeshakokotwa. Usipigilie msumari ukutani, mwenye nyumba atakata amana yako. Kila unachonunua, tunza boksi lake, maana siku ikipatikana nafasi kwenye kontena la kwenda nyumbani, kitu husafiri salama ndani ya boksi lake mwenyewe. Na siku ya kuhama, funguo zote ziache mezani.

Nilikuwa nayasema haya kwa sauti ya mtaalamu. Mwenyewe nilikuja kusoma miaka miwili, binti yangu wa miaka minne mkononi. Nikamaliza, nikapata kazi katika maabara ya kupima maji, nikasema basi, miwili mingine. Sasa imepita ishirini, na nyumba ni ileile ya kupanga, ghorofa ya pili, vyumba viwili. Baba wa binti yangu tuliachana mapema na sina la kusema juu yake.

Nyumba yangu hasa iko Morogoro. Nimeijenga kidogo kidogo, kaka yangu akisimamia, na ina chumba cha binti yangu chenye kitanda cha mninga na rangi aliyoichagua alipokuwa na miaka kumi na miwili. Amelala humo mara nne maishani. Vitu vya nyumba hiyo nilikuwa nanunua huku: jiko la gesi, seti ya sahani za watu kumi na wawili, mapazia ya madirisha sita, vitasa vya milango. Vyote vilikaa chumba cha pili, ndani ya maboksi, vikisubiri kontena. Juu yake nikapanga maboksi matupu ya vitu tulivyokuwa tukivitumia. Binti yangu alilala katikati yao, godoro chini. Rafiki yangu mmoja Mkenya, mwenye nyumba yake kule Blaine na bustani ya sukumawiki nyuma, aliwahi kuniambia kwamba naishi kama mtu aliyekaa steji akingoja gari. Nikamjibu kwamba yeye gari lilishamwacha. Tulicheka, lakini nilimnunia wiki nzima.

Mwaka jana binti yangu akapata kazi ya kufundisha Kiingereza huko Ufaransa, mji wa Lyon, mkataba wa mwaka mmoja. Sikumzuia. Nilitaka jambo moja tu, na nililiomba kila nilipopiga magoti: mwaka ukiisha, arudi. Asubuhi ya kuondoka aliacha ufunguo wake juu ya meza ya jikoni, kama nilivyomfundisha. Nikamsifu. Ona akili yangu!

Wiki ya pili akanipigia simu ya video kunionyesha fleti aliyoipata. Loh! Jikoni hamkuwa na jiko wala kabati. Sinki moja tu limesimama peke yake kama limesahauliwa. Waya zinaning'inia darini, hata kishikio cha balbu hakuna. Nilidhani ametapeliwa. Akanieleza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, maana Kiswahili anakielewa chote ila kukijibu ndiyo kazi, kwamba huko nyumba isiyo na samani haina kitu kweli kweli. Mpangaji akihama huondoka na kabati zake za jikoni na taa zake, anayeingia alete zake. Hata ufunguo hukabidhiwi mpaka uonyeshe bima ya nyumba. Nikaona sasa ndipo ujuzi wangu unapotakiwa. Nikamwambia anunue jiko la umeme la sahani moja, sufuria mbili na godoro, mwaka wenyewe ni kesho tu. Na maboksi ayatunze.

Hakusikia. Kila Jumapili akinipigia kuna kipya. Mara kabati, mara taa, mara rafu zimepigiliwa ukutani, mara ukuta mmoja umepakwa rangi ya manjano iliyokolea. Jina lake kaliandika kwenye kisanduku cha barua, na akaanza kunishauri mimi: ukihamia Ufaransa hilo ndilo la kwanza, bila jina pale mlangoni tarishi anarudisha barua zako. Nikamuuliza, yote hayo kwa mwaka mmoja? Akasema leo yuko pale, basi anaishi pale. Nikajisemea moyoni, mtoto akililia wembe mpe, na nikabadilisha mazungumzo.

Mwezi wa kumi na moja akanipa habari kwamba atakuja Krismasi. Nilishaanza kufurahi alipoongeza kwamba atalala kwa rafiki yake, Inver Grove Heights, mji wa jirani. Nikawaka. Watu watasema nini, mtoto anashuka kwenye ndege dakika kumi kutoka kwa mama yake, halafu anapitiliza kwenda kulala kwa watu? Nikamwaga yote, kulea peke yangu, kazi mbili wakati wa masomo, nyumba ya Morogoro ambayo najenga kwa ajili ya nani kama si yake. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayekanyaga barafu asije akateleza:

"Mama, kwako nitalala wapi? Mimi nimekulia stoo."

Nikasema nina kitu jikoni, nikakata simu. Jikoni hakukuwa na kitu. Nilikwenda kusimama kwenye mlango wa kile chumba. Godoro lake lilikuwa limeegemezwa ukutani, na pale lilipokuwa nilikuwa nimeshaweka boksi la feni. Alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu tangu aondoke. Niliona aibu. Nililia pia, tuseme ukweli, nimekaa juu ya sahani za watu kumi na wawili.

Jumamosi nikaanza kutoa. Kulikuwa na mtu na mkewe wamefika kutoka Iringa, bado wanakula kwenye vyombo vya karatasi. Wao wakapata sahani na feni. Jiko la gesi na vitasa nikampa mama mmoja aliyekuwa na nafasi kwenye kontena lake, avifikishe Morogoro. Kumbe nafasi zilikuwepo miaka yote, ilikuwa ni kuuliza tu. Maboksi matupu niliyakanyaga, nikayakunja, nikayashusha kwenye mapipa ya kutupia karatasi kwa safari sita. Nikanunua kitanda. Halafu nikafungua mapazia ya Morogoro, na hapo nikakwama. Pazia linataka fimbo, fimbo inataka misumari, na mimi katika nyumba hiyo sijawahi kuwa na nyundo.

Nikashuka kwa msimamizi wa jengo, Mzungu mtu mzima, mpole, ambaye kwa miaka yote tumekuwa tukisalimiana kwenye ngazi na kuishia hapo. Nikamwomba nyundo kwa sauti ya chini, nikamwambia kama kuna faini niko tayari kuilipa. Hakunielewa. Nilipomfafanulia, akasema misumari midogo inaruhusiwa. Imeandikwa kwenye mkataba. Siku zote ilikuwa inaruhusiwa.

Siku zote! Mkataba huo nausaini kila mwaka, kwa mkono wangu huu. Nikapanda ngazi na nyundo ya watu mkononi, nikihesabu wageni niliowakataza, kila mmoja na kuta zake nyeupe kama za zahanati. Wale wa Iringa nilipowapelekea sahani zilizobaki, niliwapelekea na pakiti ya misumari.

Msumari wa kwanza ulipinda, wa pili ukaingia. Mapazia yalikuwa marefu, yamekatwa kwa madirisha mengine, yakaburura chini. Nikakipiga picha chumba, nikamtumia binti yangu bila maneno. Akajibu kwa alama ya dole gumba. Baada ya saa nzima ndipo ukaja ujumbe mwingine, kwamba atalala kwangu.

Nilimpokea uwanja wa ndege, na ndani ya gari nikampa ufunguo wake ule wa zamani. Akautia mfukoni. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na siku ya tatu nilikaa nikimwangalia. Alipika pilau, akaosha vyombo, akapiga deki bila kuambiwa. Lakini kabla ya kufungua kabati aliuliza kwanza. Katika nyumba aliyokulia, anauliza vijiko viko wapi. Iliniuma.

Siku ya tano, tukiwa mezani, nikauliza habari za mwaka wake. Akasema shule imemwongezea mkataba. Na nyumba je? Akanieleza kwamba huko mkataba wa kupanga nyumba tupu husainiwa kwa miaka mitatu. Mpangaji anaweza kuondoka kabla, akitoa taarifa. Akaongeza kwamba hiyo miaka mitatu alikuwa anaijua tangu siku aliyosaini. Hakusema kama anafikiria kutoa taarifa, nami sikuuliza. Nikamwongezea wali.

Siku ya safari aliomba kikaangio changu cha chapati, kile cha chuma, akisema Lyon hajakipata kizito kama hicho. Nikampa. Akaomba na boksi la kukitilia. Tulitafuta nyumba nzima, chini ya vitanda, juu ya kabati, na hamkuwa na boksi hata moja. Tulicheka mpaka akashika ukuta. Mwishowe alikifunga kwenye sweta lake.

Niliporudi kutoka uwanjani nikaingia chumbani kwake. Alikuwa amevua shuka zote, amezikunja pembe kwa pembe, ameziweka kwenye kona ya godoro, taulo juu. Ndivyo mgeni mwenye adabu anavyoondoka kwenye nyumba ya watu, na adabu hiyo aliipata kwangu. Nikajua juu ya taulo kuna ufunguo. Nikasogea. Haukuwepo. Nikaenda jikoni kutazama mezani, hakuna. Nikarudi, nikapekua mito, droo, nikatazama kwenye kitasa, nikainua hadi pindo la yale mapazia marefu. Kisha nikakaa kitandani, juu ya godoro tupu, na buti zangu miguuni.

Alikuwa ameondoka nao.