Orijinali, Kama Inavyosemwa Ndosho

Kwa kadiri ninavyojua, na nimeuliza sana, mimi ndiye mtu pekee mjini Goma mwenye diploma ya kutengeneza bateri za zamani. Simaanishi bateri za gari. Namaanisha ngoma za orkesta: lile pipa kubwa linalopigwa kwa mguu, wenzake wadogo, na matoazi. Diploma hiyo sikutafutiwa na mjomba. Niliosha vyombo katika mikahawa ya Ubelgiji, nikasoma nikiwa na mikono inayonuka sabuni, nikarudi na karatasi yangu, vifaa vyangu, na ulimi ambao bado ulikijua Kiswahili cha nyumbani. Angalau ndivyo nilivyodhani.

Nilipoiona bateri ya mtaa wa Keshero nilijua kwamba kusoma kwangu hakukuwa bure. Mwenyewe alikuwa mama mjane wa familia ya Kiislamu, watu wa Maniema waliohamia hapa zamani kwa biashara. Marehemu mume wake aliendesha malori siku za kazi, na siku za dansi alipiga bateri. Tangu afariki, vyombo vyake vilikaa stoo nyuma ya magunia ya mchele. Nilipofuta vumbi kwa kiganja, rangi ya buluu yenye kumetameta ikatokea chini yake. Ilikuwa kazi ya kiwanda cha Ulaya, iliyotengenezwa kabla sijazaliwa. Huko nilikosomea, watu hutazama kitu kama hicho kupitia kioo.

Mama hakutaka kuiuza. Alisimama mlangoni, mtandio begani, akaniambia masharti yake.

“Papa, utaitengeneza. Kama ikirudi vile bwana yangu alikuwaka anaipiga, itabaki kwako, utafundisha nayo batoto ya bengine. Lakini kama ikigeuka kitu ingine, utanirudishia. Nitaiweka hapa tu na mchele.”

“Mama, umempata mtu wa kazi hiyo,” nikamjibu. “Kutoka hapa mpaka Kinshasa hutapata mwingine.”

“Tutaona,” akasema.

Nikaibeba hadi karakana yangu mtaani Ndosho. Shida ilikuwa kokiye. Kokiye ni vile vishikizo vya chuma vilivyofungwa ubavuni mwa pipa, ambamo skurubu ndefu huingia ili kukaza ngozi. Kwenye pipa kubwa nyingi zilikuwa na kutu, na tatu zilikuwa zimepasuka. Mtu asiyejua atasema: weka mpya, umalize. Kumbe hapo ndipo mafundi tunapotofautiana. Kokiye za zamani zilitokana na kalibu ya kiwanda kile kile. Uzito wake na namna zinavyoketi kwenye mbao ni sehemu ya sauti. Siku hizi kuna wanaotengeneza za kuiga, nzuri kwa macho, ila zimetofautiana kidogo hapa na pale. Sikukaa bure. Niliagiza seti nzima ya kuiga, ikaingia kupitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu uwanja wetu wa ndege umefungwa. Niliiagiza kama akiba tu. Nia yangu ilikuwa kuziba nyufa za zile tatu, kusugua kutu ya zote, na kurudisha kila moja mahali pake. Wiki nzima nilijiuliza kuhusu zile tatu, nikizipima mkononi, ya zamani kushoto na ya kuiga kulia, mpaka nikaamua: za zamani, hata zikiwa na makovu.

Kazi ya kuziba nyufa na kufunga kokiye nilimwachia mzee mmoja jirani yangu, fundi wa milango ya chuma, mwenye mkono mzuri kuliko vijana wote wa kulehemu ninaowajua. Mimi nilipanda meli kwenda Bukavu, ambako parokia moja iliniita niangalie vyombo vya kwaya. Nikiwa huko, mzee akanipigia simu. Juu ya meza, akasema, anaona aina mbili: zingine ndani ya kopo la maziwa, zingine ndani ya karto, boksi la karatasi ngumu. Aweke zipi?

“Weka za orijinali tu, muzee,” nikamwambia. “Zile za kuiga usiziguse.”

“Nimesikia, patron. Za orijinali.”

Niliporudi, pipa kubwa lilikuwa limesimama katikati ya karakana, limekwisha kufungwa. Kokiye zote ziling'aa kama vijiko vya harusi. Kopo la maziwa, nilimoweka za zamani, lilikuwa tupu.

“Muzee, zile za zamani ziko wapi?”

“Zile za kutu? Nilizitoa nje. Ya nini kuziba nyufa, na za orijinali ziko?”

“Nilikuambia uweke za orijinali!”

“Ndiyo vile nilifanya!” Akainua karto juu kama shahidi. “Angalia. Karto, plastiki, jina juu yake. Orijinali kabisa. Zile zingine zilikuwa okazyo, za mitumba, tena okazyo ya kufa.”

“Zile za kutu ndizo orijinali! Ndizo zilizotoka nayo kiwandani!”

Akanitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. “Patron, kitu ya kutu inakuwa orijinali namna gani? Weye ukienda kununua telefone, unaomba bakupe orijinali ya kutu?”

Mwuza matairi wa mlango wa pili, ambaye hakuna aliyemwita, akaingia kucheka. “Muache, muzee. Kule Poto, kwa Bazungu, batu banakula ata fromaji, ile jibini yenye iko naoza, banaiita orijinali.”

“Diploma yake inasoma Kifaransa,” mzee akamwambia. “Siye tunasoma karto.”

Nilitaka kupiga kelele, nikakosa wa kumpigia. Kwa sababu alisema kweli. Hapa kwetu orijinali ni kitu kipya ambacho si feki. Nilikua na neno hilo. Mama yangu aliniambia nisirudi nyumbani na viatu visivyo vya orijinali. Miaka ya kusoma ikaniwekea maana nyingine kichwani, na ile ya nyumbani ikatoka bila kuniaga.

Ubaya haukuishia hapo. Matundu ya kokiye mpya hayakulingana na ya zamani, kwa hiyo mzee alikuwa ameyapanua yale ya pipa kwa mashine. Mbao iliyodumu miaka yote hiyo bila kuguswa sasa ilikuwa na matundu mapana, na hakuna diploma inayorudisha mbao. Na zile za zamani? Alizipeleka kwa watu wanaoyeyusha vyuma kutengeneza sufuria. Nikapanda pikipiki mbio hadi kwao. Yule mwenye tanuru akanionyesha safu ya sufuria zinazopoa kwenye mchanga.

“Ziko mule ndani,” akasema. “Chagua yenye unapenda.”

Nakiri kwamba nilifikiria siki na chumvi. Najua kuzeesha chuma. Siku mbili tu, na kokiye mpya zingepata kutu ambayo hata mwalimu wangu angeiheshimu. Mama angejuaje? Lakini sikuosha sahani za watu ili nije kumdanganya mjane wa Keshero. Nikaipakia bateri kwenye gari la kukodi, nikaenda kumwambia ukweli.

Nilimweleza yote uani kwake: kopo, karto, matundu, tanuru. Nilieleza kwa urefu, nikamwonyesha kwa kidole mahali palipoharibika. Alisikiliza huku akiokota mawe kwenye mchele. Nilipomaliza, akanyoosha mkono, akagusa kokiye moja.

“Vyuma ni vyuma,” akasema. “Bwana yangu mwenyewe alizibadirishaka, zingine alizitoa ku lori. Sasa kanyaga, nisikie.”

Moyo ukanitulia. Nikaketi, nikakanyaga. Pipa likalia safi, sauti ndefu iliyojaa, ambayo huko nilikosoma wangesimama kuipigia makofi. Nikamtazama nikisubiri sifa.

“Hapana,” akasema. “Kanyaga tena.”

Nikakanyaga.

“Iko nalia sana. Yake haikuwa nalia vile. Yake ilikuwa nasema *bu*, inanyamaza. Kikwembe yangu iko wapi?”

“Kikwembe gani, Mama?”

“Yenye ilikuwa ndani. Ya arusi yetu. Alinikatiaka nusu, akaingiza mule, ndiyo sauti yake ikakuwa ile. Batu ya orkesta ingine walikuwa nakuja kumuuliza anafanyaka nini.”

Niliikumbuka. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kufungua skurubu hata moja, nilitoa tambara la kitenge lililooza ndani ya pipa, nikalitupa kwenye takataka kwa koleo. Si fundi wa milango. Ni mimi, mwenye diploma. Katalogi ya kiwanda ninayo yote, kila skurubu ina namba yake, na hakuna namba ya kikwembe. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba naweza kutafuta kitambaa cha uzito ule ule, kinachozuia sauti vile vile, hata kizuri zaidi.

“Ya kuiga,” akasema.

Hata sasa ninapoandika natafuta la kumwambia, na najua kwamba kwa hesabu ya ufundi nilikuwa na haki, na haki hiyo hainisaidii kitu.

“Iweke mahali ilikuwa, papa,” akasema Mama, bila ukali, akirudi kwenye mchele wake.

Niliibeba mwenyewe, kipande kimoja kimoja. Pipa kubwa liligoma kupita mlango wa stoo, kwa maana kokiye mpya zimetokeza nje kuliko za zamani. Mama akainuka, akanisaidia kuliinamisha, tukalisukuma mpaka ndani.