Bati Lililonyimwa Pumzi

Asubuhi kahawa ya jana ingali inanukia ukutani, na Mama Nati anaweka kiganja ubavuni mwa mashine ya kukaangia, kama mama anayepima homa ya mtoto. Imepoa. Gesi ameshaifunga, fyuzi ameing'oa na kuitia mfukoni mwa aproni.

"Fyuzi nikiwa nayo mimi, hakuna wa kuniwashia mashine mkono ukiwa ndani," anasema, anacheka. "Vidole hivi havina spea."

Leo si siku ya mchezo. Wiki ya tatu sasa, mashine hii ikiwa baridi hutulia tuli, lakini ikishika moto inalia hadi majirani wanafunga madirisha. Mwenye kiwanda amechoka. Jioni anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama Nati ameomba siku hii moja tu aifungue, maana ni mashine pekee hapa. Ikiondoka, kazi yake imeondoka nayo, na ya shemeji yake vilevile.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, ndiye mkaangaji. Kwa misuli ya mikono yake, watu wamembatiza Winchi.

Mama Nati zamani alikuwa fundi cherehani. Wateja walipokimbilia nguo za dukani, akaja hapa kuchambua punje mbovu kwa ujira wa siku. Siku moja akamshikia fundi aliyekuwepo bati la kufunika mashine, akaona mambo yale yale ya cherehani: mbele, mgongo, mbavu mbili. "Nikasema, kumbe hili ni koti!" Fundi yule alipohama, spana zikabaki mikononi mwake. Sasa hupata mara mbili ya mchambuzi, na mabinti wawili wanasoma.

Bati la kushoto linatoka, analilaza kushoto sakafuni. La kulia, kulia. Skrubu za kila bati zinakaa juu ya bati lake, zisichanganyike. Bati la mgongo linagoma.

"Shemeji, skrubu hizi ulikaza wewe au tembo?"

"Mimi, shemeji. Sikutaka zilegee."

"Hazikulegea kweli. Nimelegea mimi."

Winchi ndiye aliyelirudisha bati hilo wiki tatu zilizopita baada ya usafi, Mama Nati alipokuwa nyumbani anauguza binti yake.

Skrubu ya mwisho inasalimu amri. Maganda mepesi ya kahawa yanamwagika kama pumba. Mama Nati anageuza bati, anamulika tochi upande wa ndani, halafu anapiga ukelele.

"Njoo! Njoo uone, baba wewe!"

Pana mkwaruzo unaong'aa, sawasawa na mahali puli, lile gurudumu la mkanda, inapozunguka. Anaeleza huku mikono yote miwili ikiruka. Matundu ya skrubu yametobolewa marefu kidogo makusudi, ili bati likipata moto litanuke. Likibanwa mno halina pa kwenda, linabinuka ndani na kusuguana na puli. Hapo ndipo kelele.

"Hata gauni la mjamzito huachiwa nafasi, shemeji. Wewe umelinyima bati pumzi!"

"Kwa hiyo mkosaji ni mimi?"

"Ni nguvu zako. Shika tochi."

Analinyoosha bati kwa nyundo ya mbao, anafagia maganda yasije yakawaka moto, anapaka grisi. Kurudisha ndiko kunakotaka subira: kila skrubu kwanza kwa vidole, zote zikae mahali pake, ndipo bisibisi ipite kidogo kidogo.

"Bandi kwanza, ule ushonaji wa muda, mshono wenyewe baadaye," anasema. "Na ukifika pa kutosha, acha."

Alasiri fyuzi inarudi. Mwenye kiwanda anasimama mlangoni, mikono kifuani. Moto unapanda. Winchi anamimina kahawa. Joto linafika pale pa kilio cha kila siku. Linapita.

Kimya.

"Imezimika?" anauliza mwenye kiwanda.

"Sikiliza, tajiri!"

Ta. Ta-ta. Tatata! Ni punje za kahawa zinapasuka ndani ya pipa la mashine, sauti inayomwambia mkaangaji kahawa inaiva, ambayo kelele ilikuwa imeimeza. Winchi anaruka juu kama mtoto. "Naisikia! Shemeji, naisikia!" Mama Nati anajifuta machozi kwa aproni yenye grisi, uso unakuwa mweusi mashavu yote mawili, na mwenye kiwanda anacheka hadi anashika ukuta. Kisha anapiga simu kwa mnunuzi wa vyuma.

"Baki huko huko. Mgonjwa wetu ameinuka."

Sasa Mama Nati ana jambo lake. Ameomba siku moja kila wiki akafungue mashine za wakaangaji wengine, na amekubaliwa. Anataka sanduku lake mwenyewe la spana, na akipata wateja wa kutosha, chumba kidogo chenye mlango wa barabarani.

"Na mimi je?" anauliza Winchi.

"Wewe utabeba sanduku."

"Na kukaza?"

Mama Nati anamtazama ile mikono, kwa mapenzi kabisa.

"Utakaza, shemeji. Kwa vidole viwili."