Tamko Lililotangulia Mkutano

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa Mikutano alinipa karatasi tupu akaniambia niandike tamko la pamoja, yaani ile taarifa inayosomwa mbele ya waandishi wa habari mawaziri wa nchi jirani wakishamaliza kikao. Nikamuuliza kikao kilifanyika lini.

"Kitafanyika kesho," akasema.

Nilidhani ananitania, mimi mgeni niliyekulia Tanzania. "Sasa nitajuaje watakubaliana nini, Bwana Mkurugenzi?"

"Mkutano usiojulikana utaishaje hauitishwi. Andika, bwana mdogo."

Jamani, nilishtuka! Kesho yake nikashtuka zaidi, mawaziri watatu walipotia saini bila kugusa hata nukta.

Ndivyo tulivyofanya kazi, vijana. Wataalamu wa kila nchi walitangulia kukaa na rasimu, wakabishana kuhusu ushuru wa forodha na doria za pamoja mpakani. Neno lenye ubishi tulilitia kwenye mabano. Mabano yakiondolewa, neno limepita. Mkurugenzi wa pili, mama aliyelelewa Uganda, alikuwa akinionya: "Karatasi isiyosainiwa ni ya kufungia maandazi." Nilikuwa nikicheka. Ningejua, nisingecheka.

Karibu na kustaafu kwangu, mpaka mmoja ulifungwa kwa ugomvi wa wakubwa. Jirani yangu hapa mtaani Kabeza, Mama Solange, muuza mboga, mama yake alikuwa mahututi ng'ambo, kilima cha kwanza tu ukishavuka kizuizi. Kila jioni alisimama langoni kwangu.

"Muzee, mpaka iko wazi?"

"Bado, mama."

Hatimaye mawaziri wakaja kukutana kwenye hoteli moja ya hapa mjini, Nyarutarama. Rasimu niliiandika mwenyewe: mpaka unafunguliwa leo alasiri kwa wenye ndugu upande wa pili. Wataalamu walikuwa wameondoa mabano yote, na miaka yote ile sikuwahi kuona aya isiyo na mabano ikianguka. Saa nne asubuhi, mawaziri wakiwa bado wanapiga picha, nikampigia simu Mama Solange. Alikuwa kituoni, tiketi mkononi, apande basi la kuzunguka kupitia nchi ya tatu, safari ya siku nzima na usiku wake.

"Usizunguke," nikamwambia. "Nenda mpakani moja kwa moja. Imekwisha."

"Imana iguhe umugisha, Muzee!" Mungu akubariki. Akairudisha tiketi.

Saa nane mlango wa ukumbi ukafunguliwa, waziri mmoja akatoka bila kumsalimia mtu. Nikaingia kuchukua karatasi. Aya yangu ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake mtu ameandika: wamekubaliana kuendelea na mazungumzo. Nilipompigia Mama Solange, tayari alikuwa mbele ya kizuizi cha mpakani, anabembeleza askari.

Mama yake alifariki kesho yake alasiri. Kwa basi lile angemkuta hai. Mazishi, asubuhi iliyofuata, aliyatazama akiwa upande huu, watu wadogo wadogo kilimani, huku binamu yake akishikilia simu hewani ili asikie nyimbo.

Kosa ni langu, silisukumi kwa waziri wala kwa kalamu yake. Nilizoea kuandika mambo ya kesho hata nikaamini nayajua. Nilikwenda kumwomba radhi Mama Solange, akanipa kiti na maji ya kunywa. Laiti angenitukana.

Nimestaafu sasa. Juzi nilikuwa nakunywa chai, redio ikatangaza kwamba mpaka umefunguliwa, na mtangazaji akasoma aya yangu ileile, neno kwa neno. Mtu alikuwa ameitoa kabatini! Nilishtuka, chai ikanimwagikia magotini. Nikavuka barabara hivyo hivyo, suruali imelowa, nikamweleza Mama Solange.

Alikuwa anachambua dodo, mchicha wa huku. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuinua kichwa.

"Muzee," akasema, "hii wamesema wao, ama iko wewe umeandika?"